Kuonja si Kunywa

Kabla hujamwona ulimsikia. Alikuwa akishika kijiko, anakifikisha mdomoni, halafu anafyonza kwa kishindo kama mtu anayechana kitambaa kipya. Mgeni yeyote alishtuka, maana mama mwenyewe alikuwa mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote, na mlio ule haukufanana naye kabisa. Kisha alinyamaza, macho ameyafumba nusu, mashavu yakitembea kidogo. Mwisho aliinamia kopo la maziwa ya unga alilokuja nalo kutoka kwake, akatema. Alitema kwa adabu kuliko wengine wetu tunavyokula.

Pale Mbinga tulimwita Mama Mwonjaji. Alikuwa ameonja kahawa kiwandani miaka mingi hadi kustaafu. Jina lake nalijua lakini sitaliandika hapa. Niliwahi kumtangaza mara moja bila ruhusa yake, na hiyo inatosha.

Mimi ni fundi wa maabara ya maji, mtu wa Tabora niliyeletwa Mbinga na barua ya uhamisho. Tulikutana kwa sababu ya bomba. Alikuja ofisini na chupa ya maji, akaiweka mezani kwangu, akasema, "Haya yana chuma tangu Jumanne." Nilimwambia maji hupimwa, hayakisiwi. Akaketi kwenye benchi akasubiri. Nilipima. Yalikuwa na chuma, na tulipofuatilia tukakuta siku ya Jumatatu jioni mafundi wetu walikuwa wameunga kipande cha bomba kuukuu mtaani kwake. Nilipompelekea habari hakujisifu. Aliniuliza tu, "Na hiyo mashine yenu ilichukua muda gani?"

Wakati huo nilikuwa nimeanza kupika bia. Si pombe ya kienyeji, wala si bia ya kiwanda kikubwa. Ni zile bia za mapipa machache ambazo mpishi anazisimamia mwenyewe, nilizojifunza kwa rafiki mmoja Dar es Salaam na kwa kutazama video kwenye simu. Nilikuwa na chumba nyuma ya nyumba niliyopanga, sufuria kubwa, mapipa manne na kibali ambacho kilinichosha kukitafuta kuliko upishi wenyewe. Nilipika aina mbili. Ya kwanza ni stauti, bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa sana, ambayo mimi niliitia kahawa ya Mbinga. Ya pili ni ile wanayoiita ai-pi-ei, bia ya rangi ya shaba, chungu, inayonukia maua na maganda ya machungwa kwa sababu ya hopsi nyingi, vile vitumba vikavu vya mmea unaotia bia uchungu. Hopsi zilikuja kwa basi, zimefungwa kwenye karatasi za kung'aa kama chai ya wakubwa.

Maji niliyajua. Ladha sikuijua. Nilikuwa napika, nakunywa, nafurahi, na furaha ya mpishi si kipimo. Nikamkumbuka yule mama wa chuma.

Nilipomwomba anionjee, jambo halikuwa dogo kwake. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani kwake, na kikundi hicho kilikuwa na nadhiri ya kutokunywa pombe ya aina yoyote. Nadhiri hiyo aliianzisha yeye mwenyewe, baada ya kumzika kaka yake aliyemalizwa na gongo. Wanawake zaidi ya thelathini walisimama nyuma yake wakainua mikono. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu harusi bila bia huitwa kikao, kwa hiyo uzito wa jambo hilo niliusikia kwa masikio tu.

"Kuonja si kunywa," alisema hatimaye. Alikuwa akijisemea zaidi ya kuniambia mimi. "Mdomo ni mlango. Nyumba ni tumbo. Mtu akisimama mlangoni hajaingia."

Kisha akanipa masharti. Angekuja Jumamosi saa nne asubuhi, kabla hajala kitu chenye chumvi. Vikombe viwe vya aina moja, visiandikwe. "Usiniambie ipi ni ipi. Ulimi ukishajua jina la mtu unaanza kumpendelea." La tatu alilisema akiwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa cha mlango: "Na usinitaje. Popote. Kwa yeyote."

Nilimwahidi. Niliahidi upesi, kama mtu anayesaini karatasi bila kuisoma.

Kwa nini alikubali, nilikuja kuelewa baadaye. Siku moja alikuwa amemaliza vikombe sita na hakutaka kuondoka. Alikaa akizungusha kijiko mkononi, akasema, "Ulimi wangu ni mzima, mwanangu. Wamestaafisha mtu, ulimi wakausahau." Alikuwa amezoea kuonja vikombe mia kwa siku, na watu wenye mashati ya tai wakingoja nyuma yake aseme neno. Sasa alikuwa akiongoza mapambio na kuuza nyanya. Kwangu, pale kwenye chumba chenye harufu ya kimea, mtu alikuwa akimngoja tena.

Alitoa alama kati ya mia, kama za kahawa. Aliziandika kwa penseli kwenye daftari la shule, na pembeni ya alama aliweka maneno. Maneno yake yalinisaidia kuliko alama. Stauti yangu ya kwanza aliiandikia, "Imeungua chini kama maharage ya bweni." Nyingine, ambayo mimi nilidhani nimepatia, aliiandikia, "Inaanza vizuri, halafu inasahau ilichokuwa ikisema." Kuna moja aliyoifyonza mara tatu, akaniuliza kama kile chumba kimewahi kuwekwa mbuzi. Kilikuwa kimewekwa, kabla yangu. Nilipaka chokaa upya kuta zote.

Yeye na ile ai-pi-ei waligombana kwa miezi. Naandika waligombana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akiitazama ndani ya kikombe kama mtu anayemtazama mkwe mwenye mdomo. "Hii inanigombeza," alisema mara ya kwanza. "Nimekosa nini?" Akaipa sitini na moja. Nilipunguza hopsi za mwanzo, nikaongeza za mwisho, nikabadilisha maji. Sitini na nane. Sabini na tatu. Jumamosi moja alifyonza, akatikisa kichwa, akafyonza tena. "Bado inanigombeza," alisema, "lakini leo ina sababu." Themanini na moja. Niliruka juu kama niliyefaulu mtihani wa darasa la saba, naye akaficha kicheko kwenye ncha ya kitambaa chake.

Tisini hakuwahi kunipa. Aliwahi kuitoa mara moja tu maishani, kwa kahawa iliyotoka Kitura, gunia moja, na alipopanda mwenyewe kwenda kumtafuta mkulima akamkuta mzee anayelalamikia jino. "Nilimwambia kahawa yako ni tisini. Akaniuliza kama nina dawa." Alipenda kusimulia hilo. Alikuwa akimalizia kwa kusema kwamba kitu kizuri hakijijui, na ndiyo maana lazima awepo mtu wa kukiambia ukweli.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa ladha kila mahali. Nyumbani kwake alikunywa chai yenye vijiko vitano vya sukari, chai ambayo ingeweza kusimamisha kijiko. Ugali wake ulikuwa na madonge, na majirani walilijua hilo. Nilimuuliza inakuwaje ulimi kama ule unakubali chai kama ile. "Hii ni chai," akasema, "si kazi." Alikuwa mtu wa Mbaha, chini ziwani, na baridi ya Mbinga hakuizoea hata baada ya miaka yote ile, mwezi wa saba alivaa masweta mawili na kuulaumu mlima kana kwamba ulimfuata. Ila akiletewa usipa, vile vidagaa vya Nyasa, alivipokea kwa mikono miwili kama habari njema kutoka nyumbani, akavikaanga hadi vikakauka kabisa, akavila vikiwa vichungu. Sikuwahi kumuuliza angevipa alama ngapi.

Alikuwa mkali kwa uongo mdogo. Uongo mkubwa, alisema, una aibu, unajificha. Ule mdogo ndio unaokaa sebuleni. Kiwandani aliwahi kumkatalia bosi wake aliyemwomba aongeze alama mbili tu, mbili, ili mzigo upande daraja. Alimwambia, "Ongeza wewe, kwa mwandiko wako."

Haya yote niliyajua. Nayaandika ili mwone kwamba niliyajua.

Yalikuja maonesho ya wakulima na wajasiriamali pale mjini. Niliweka meza, nikapanga chupa za stauti ya kahawa, ile ambayo Jumamosi iliyotangulia Mama Mwonjaji alikuwa ameipa themanini na nne na kuandika, "Sasa inaongea hadi mwisho." Watu walipita, wakatazama, wakaenda kwenye asali. Mchana akaja mtangazaji wa redio, kijana mchangamfu, akanisogezea kinasa sauti.

"Sasa mtaalamu, sisi wasikilizaji tutajuaje kwamba bia yako ni nzuri? Kila mtu husifia yake."

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema njooni muonje. Nikasema, "Bia hii inaonjwa na mwonjaji mkuu mstaafu wa kahawa hapa hapa Mbinga, mama mmoja mcha Mungu kabisa. Ameipa tisini na moja."

Sikutaja jina. Kwa wiki nzima nilijificha nyuma ya hilo, kwamba sikutaja jina. Lakini Mbinga nzima ilikuwa na mwonjaji mkuu mstaafu mmoja wa kike. Maneno yangu yalirushwa jioni ile, yakarudiwa asubuhi. Kufikia mchana wa pili meza yangu haikuwa na chupa hata moja.

Alikuja kwangu siku iliyofuata. Hakuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tisini na moja niliitoa lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya nadhiri na ya kanisa. Hili sikulitegemea. Nilisema ilinitoka tu, kwamba redioni mtu anachangamka.

"Ilikuwa themanini na nne," alisema. "Themanini na nne nzuri. Ulikosa nini hadi ukaivua nguo yake ukaivalisha ya mwingine?" Sauti yake haikupanda. Alitazama mapipa, kisha akanitazama mimi. "Na watu wa kikundi wameniita. Wanasema mwenyekiti anakunywa. Jumapili baada ya ibada tunakaa. Nimewaambia ninaonja, sinywi, natema. Wanauliza nani ameniona nikitema."

"Mimi nimekuona, mama. Kila Jumamosi."

"Basi njoo useme. Sema ulichokiona tu, usiongeze kitu. Saa tano."

"Nitakuja."

"Saa tano," alirudia, akaondoka.

Jumamosi jioni alinipigia mwenye hoteli mmoja wa Songea. Alikuwa amesikia redio. Angepita Mbinga Jumapili asubuhi, alitaka kuonja, na ikimridhisha achukue mapipa kila mwezi. Nilimwambia saa tatu. Alifika saa nne na nusu.

Nakumbuka kila kitu cha saa ile. Alikuwa mtu asiye na haraka. Alinyanyua glasi dirishani, akalitazama povu, akanisimulia bia alizokunywa safarini Afrika Kusini. Nilijiambia vikao vya kanisa havianzi kwa wakati. Nilijiambia hawa akina mama wanamheshimu, watamwelewa. Saa tano na robo simu yangu ikaita. Niliona ni yeye. Niliilaza kifudifudi juu ya meza. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu, ikitetemeka juu ya mbao hadi glasi zikagongana, na mwenye hoteli akasema, "Pokea tu, sina haraka."

"Si muhimu," nilisema.

Aliagiza stauti. Akishika funguo za gari aliniuliza, "Na yule mama wa alama, naweza kumsalimia?"

"Leo yuko kanisani," nilimjibu.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na jirani yangu, naye ni mmoja wa wale wa kikundi. Walimuuliza kama ana shahidi. Akasema anaye, yuko njiani. Wakangoja. Wakaimba pambio moja, wakangoja tena. Alitoka nje mara tatu na simu. Mwisho alisimama akasema asiwachoshe watu wenye watoto na jua. Akavua kitambaa cheupe cha uongozi, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. Hakuna aliyemfukuza. Jirani yangu alisisitiza hilo, kwamba hakuna aliyemfukuza, kana kwamba na yeye alikuwa na kitu cha kujitetea.

Sikwenda kwake Jumatatu. Wala Jumanne. Nilikuwa natafuta maneno, na kadiri nilivyoyatafuta ndivyo siku zilivyozidi, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo maneno yalivyohitaji kuwa mazuri zaidi. Nilipokwenda, baada ya wiki mbili na nusu, mlango ulikuwa na kufuli. Alikuwa ameteremka ziwani kwao.

Ingekuwa rahisi kama bia ingeharibika. Ningeona nimelipwa. Haikuharibika. Stauti iliuzwa Songea, ikauzwa na kwingine, na hadi leo watu huniambia kwamba wameipenda. Kila nikisifiwa namsikia akiuliza ilitolewa lini.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Mbaha kupima chanzo cha maji. Ilikuwa miaka minne imepita. Barabara ya kuteremka Nyasa inakupeleka kutoka kwenye ukungu hadi kwenye joto, na mimi nilikuwa natoka jasho kabla joto halijafika. Tulimaliza kuchukua sampuli mapema. Niliuliza nyumba yake, wakanielekeza ufukweni.

Wanawake watano walikuwa wakianika usipa kwenye vichanja. Yeye alikuwa pembeni kidogo, akichambua takataka kutoka kwenye beseni. Hakuwa na sweta. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake juu ya viwiko, na ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliinua macho, akayashusha. "Umenenepa."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Umekuja kupima maji. Nimeliona gari."

"Nimekuja kupima maji," nilikubali. "Lakini nilipoona Mbaha kwenye ratiba, chakula kilinishinda."

Alichambua usipa kwa muda. Ziwa lilikuwa limetulia, na wale wanawake walikuwa wamepunguza sauti zao, kama watu wanavyofanya wanapotaka kusikia.

"Nilikuwekea kiti," alisema. "Siku ile. Kilikuwa pembeni yangu, nikaweka mkoba wangu juu yake. Ukumbi ulijaa. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia hapana, kuna mtu anakuja. Mama mmoja mjamzito alisimama hadi mwisho kwa ajili ya kiti chako."

Nilisema nitarudi Mbinga, nitakwenda kanisani, nitawaambia wote.

"Wale wana mwenyekiti mwingine sasa, mwema. Usiende kumsumbua." Alipangusa mikono kwenye khanga. "Msamaha nilikupa zamani, mwanangu, kwa faida yangu mwenyewe. Lakini nilipofika hapa niliwaeleza hawa kila kitu, kabla hawajasikia kwa mwingine. Waliniuliza, kwani hukuwa na mtu wa kukusemea? Nikawaambia nilikuwa naye." Alielekeza kidevu upande wa vichanja. "Nenda kawaambie."

"Sasa hivi?"

"Walikuwa wanakusubiri bila kukujua."

Nilisogea. Wale akina mama waliacha kazi, mikono yao imejaa magamba yanayong'aa. Niliwaamkia. Nikawaambia mimi ni nani. Nikawaambia kwamba huyu mama alinijia kila Jumamosi karibu mwaka mzima, akaonja bia yangu, akatema kila tone kwenye kopo, na kwamba niliona kwa macho yangu. Mkubwa wao alimgeukia mwenzake, akasema, "Si alisema?" Nikawaambia kwamba nilimtangaza redioni wakati alinikataza. Kwamba alitoa themanini na nne, mimi nikasema tisini na moja.

"Akaniomba nije kumshuhudia kanisani," nilisema, "nikakubali. Lakini siku yenyewe nilipata mgeni, kwa hiyo nikachelewa, na—"

"Hukuchelewa."

Alikuwa bado ameinamia beseni, mgongo wake kwetu.

"Hukuja," alisema. "Sema hukuja."

Wale wanawake watano walinitazama.

"Sikuja," nilisema.

"Haya," alisema Mama Mwonjaji. "Sasa endelea."